Goti langu la kulia na ngazi 71 za kwetu Kadutu

Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwetu kuna ngazi 71, za mawe, zingine zimeshavunjika, na wenye wanajua Kadutu, huku Bukavu, Kongo, wanaelewa nasema nini, kule hakuna tambarare, ni kupanda ao kushuka tu. Mi nimefundisha shule ya msingi miaka 34, nasimama mbele ya ubao tangu asubuhi, kisha narudi napanda na kushuka hizo ngazi na ndoo ya maji, na mtoto mgongoni, na mfuko wa makala, yaani mkaa. Sikuwahi kuzihesabu. Nilianza kuzihesabu wakati goti la kulia lilianza kuuma, juu nilikuwa nasimama napumzika kila ngazi kumi, njo nikajua ziko 71.

Nilibadilishwa goti mwezi wa saba 2022, nikiwa na miaka 61. Tangu hapo kila mama mwenye magoti mabaya ananishika mkono, kanisani, sokoni, kwa msiba hata, "mama mwalimu, ilikuwa namna gani, inauma sana, nifanye ao nisifanye?" na mi najibu nusu nusu sababu niko na haraka ao kuna watu wengine wanasikiliza. Basi acha niandike yote pole pole, mwenye anahitaji asome.

Maumivu yalianza 2014. Kidogo kidogo. Asubuhi goti linakuwa gumu kama mlango wa mbao umevimba na mvua, ukitembea kidogo linalegea, jioni linavimba. Nikawa nanunua diklofenak, dawa ya maumivu, kwenye farmasi, kidonge kimoja, baadaye viwili, bila kuuliza mtu, miezi na miaka, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto na tansio, yaani shinikizo la damu, ikapanda. Sikujua kama zile dawa ukizimeza muda mrefu zinachoma tumbo, zinasumbua figo, zinapandisha tansio. Mwenye anauza anauza tu, haulizi unameza tangu lini.

Kisha nikaingia kwenye sindano, na hapa nataka watu wanisikie vizuri. Kuna kituo kimoja cha mtaani, jina sitataja, walikuwa wananichoma sindano ndani ya goti kila mwezi, hakuna radio (picha ya mifupa, eksirei), hakuna kipimo cha sukari, unalipa unachomwa unaenda, na mi nilikuwa nawashukuru sababu wiki mbili tatu natembea kama kijana. Mara nane mwaka mmoja. Ilikuwa kortizoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Haikuwa sumu, dokta wa mifupa mwenyewe aliniambia baadaye kama sindano moja inaweza kumpa mtu nafuu wiki kadhaa, mara zingine miezi, lakini haichomwi kila mwezi kama mtu analipa kodi ya nyumba, na kwa mtu mwenye sukari kama mimi inaipandisha, na tena kama unafikiria operasyo inabidi miezi mitatu ipite tangu sindano ya mwisho juu vijidudu vinaweza kuingia kwenye goti jipya. Hakuna hata mmoja aliniambia hayo wakati nanyoosha mguu kwenye kile kitanda.

Radio ya kwanza nilipigwa nimelala. Wakasema "kuna artroze kidogo", yaani goti limechakaa kidogo. Kidogo! Na mi siwezi kufika sokoni. Dokta wa mifupa alipoiangalia aliniuliza swali moja tu, "mama, walikupiga umelala ao umesimama?" Akanirudisha nipigwe nimesimama, uzito wote kwenye miguu, na kwenye ile picha ya pili mifupa ilikuwa inagusana kabisa upande wa ndani, hakuna nafasi hata ya kupitisha wembe. Ukilala mifupa inaachana kidogo na picha inaonekana nzuri kuliko goti lenyewe. Kwa hiyo mama yangu, dada yangu, ukienda kupiga radio ya goti omba wakupige umesimama, na magoti yote mawili, ulinganishe.

Alinielezea artroze kwa kitu cha jikoni. Ukila paja la kuku, kwenye mwisho wa mfupa kuna kitu cheupe, laini, kinateleza, watoto wanapenda kukitafuna. Njo kartilaji hiyo, wengine wanaita gegedu. Kwetu sisi inaisha pole pole na hairudi, hakuna mafuta, hakuna majani, hakuna kidonge kinairudisha, na mwenye anakuuzia kitu akisema inaota tena anakula franga zako.

Sasa kuhusu operasyo zenyewe. Watu wanafikiri iko moja tu, ati wanakata goti lote wanatupa wanaweka chuma. Hapana. Dokta alichora kwenye karatasi, akaniambia goti ni nyumba ya vyumba vitatu, chumba cha ndani, chumba cha nje, na chumba cha mbele pale kifuniko cha goti kinateleza. Swali la kwanza ni vyumba vingapi vimeharibika. Swali la pili ni umri wako na kazi yako. Swali la tatu mguu wako umepinda namna gani.

Mwenzangu mmoja tulikuwa tunafundisha naye, yuko na miaka 47, miguu yake imepinda kwa nje tangu utoto, chumba cha ndani tu njo kimechoka. Yeye hawakumwambia kubadilisha goti. Walimwambia kunyoosha mfupa: wanakata mfupa wa mguu pale chini kidogo ya goti, wanaunyoosha, wanafunga na sahani ya chuma na skrubu, kusudi uzito uhamie upande wenye uko mzima bado. Goti linabaki lake mwenyewe. Mfupa lazima uunge kama mfupa uliovunjika, miezi, lakini kwa mtu wa umri ule mwenye bado anabeba mizigo iko na maana, juu goti la chuma la mtu wa miaka 47 lina hatari kubwa ya kuchoka akiwa bado hai na kufanyiwa tena, na operasyo ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Kuna na nusu goti. Wanabadilisha chumba kimoja tu, vingine wanaviacha, kidonda kidogo, unapona haraka, na wengi wanasema linajisikia kama goti la kuzaliwa. Nilivyosikia hivyo nikamwambia dokta mi nataka hiyo. Akatingisha kichwa. Ile inataka chumba kimoja tu kiwe kibaya na kamba za ndani ya goti ziwe nzima, na mi vyumba vyangu viwili vilikuwa vimeisha na cha tatu kinafuata. Akanionyesha na hesabu, ilitoka kwenye gazeti la madaktari la Lancet mwaka 2019, walikusanya habari za wagonjwa wengi sana wa nchi mbalimbali: kwenye magoti mazima 100, kama 82 yanafika miaka 25 bila kubadilishwa tena, na kwenye nusu goti 100 ni kama 70. Nikapiga hesabu, 61 na 25 ni 86. Nikanyamaza. Hiyo hesabu njo ilinitoa woga kuliko maneno yote.

Binamu yangu wa Lubumbashi yeye alinipigia simu, "yaya, usikubali wakukate, omba wakusafishe goti na kamera, ni matundu mawili tu." Nikamuuliza dokta. Akasema kwa goti lililochakaa ile kusafisha haisaidii, na akanisimulia kama kule Houston, Marekani, waliwahi kujaribu kitu, majibu yalitoka 2002, wagonjwa wengine walisafishwa kweli na wengine walichanjwa ngozi tu, ndani hawakuguswa kabisa, na wenyewe hawakujua nani ni nani. Wote walipata nafuu sawasawa. Nilikuwa tayari kulipia kitu ambacho ngozi kuchanjwa tu inatoa matokeo yaleyale.

Na alinieleza goti zima lenyewe ni nini, juu mi nilikuwa naota wamekata mguu wote. Hawatoi mguu. Wanakata kipande chembamba kwenye mwisho wa mfupa wa paja, kama sentimita moja hivi, na kingine juu ya mfupa wa chini, wanavisha kofia za chuma, kobalti na kromu, ao titani, zinashikwa na simenti ya mifupa, na katikati wanaweka plastiki moja ngumu sana inayoteleza, hiyo njo inashika nafasi ya kile cheupe cha kuku. Alivyoona nasikiliza akaongeza kwamba Mjerumani mmoja, Themistocles Gluck, mwaka 1890 kule Berlin alitengeneza goti kwa pembe ya tembo. Pembe ya tembo! Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha kwenye mifupa na vijidudu vikaharibu yote. Nikatoka pale nikiwaza zaidi ya miaka mia moja watu wanahangaika na hiki kiungo kimoja.

Kitu kimoja alinipa heshima kuniambia bila kuficha: kama mtu mmoja kati ya watano wenye wamebadilishwa goti haridhiki, bado anaumwa ao alitegemea zaidi. "Mama mwalimu, goti hili halitakuwa la msichana wa miaka 20. Litakuwa goti lisilokuumiza usiku." Mi nikasema hilo hilo linanitosha.

Halafu akanikatalia. Ndiyo, baada ya yote hayo. Alipima sukari, ile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ikatoka asilimia 9.2. Akasema rudi nyumbani, ikishuka chini ya 7.5 urudi, na lile jino lako bovu ung'oe, na kilo upunguze. Nilikasirika mpaka nikalia kwenye taksi. Nilifikiri ananidharau, ati mzee, mnene, maskini. Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba sukari ikiwa juu kidonda hakifungi vizuri na vijidudu vinapata chakula, na kijidudu kikishakaa kwenye chuma dawa ya kumeza haitoshi, mara nyingi inabidi kufungua tena, kuosha, hata kutoa goti lote. Na jino bovu ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu.

Miezi minne. Bugali nikapunguza mpaka saizi ya ngumi, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo) na maharagi nikaongeza, sukari ya chai nikaacha kabisa. Nikatoka kilo 94 nikafika 85. Na hapo niliona kitu, maumivu yalipungua mbele hata ya kukatwa, juu wanasema kila kilo moja unayotoa mwilini, goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua, basi kilo zangu tisa ni kama nilitua mfuko mzima wa kilo 36 kwenye kila ngazi. Kuna watu wanafika hapo tu wanaacha mambo ya operasyo, wanaendelea na mazoezi na fimbo, na iko sawa kabisa. Fimbo kwenyewe inashikwa mkono wa upande mwingine, goti la kulia linauma, fimbo mkono wa kushoto. Nilikuwa naishika vibaya miaka mitatu na hakuna aliyenirekebisha.

Na mazoezi ya paja. Unakaa kitandani mguu umenyooka, unakaza paja unasukuma goti chini kwenye godoro, unahesabu mpaka tano, unaachia. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Nilikuwa nafanya nikisahihisha madaftari. Yule musuli wa mbele ya paja njo utakusimamisha siku ya kwanza, ukienda kwenye operasyo na paja limelala utalia mara mbili.

Pesa sitaandika mengi. Inahesabika kwa maelfu ya dola, hata kwa jirani zetu. Muso yetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ilinikopesha, likelemba ya walimu, ule mchango wa kupokea kwa zamu, wakanipa zamu yangu mbele ya wakati, watoto wakachanga, baba watoto akauza kitu chake ambacho hakutaka kuuza. Tukaenda Kigali sababu binamu mwingine anakaa Nyamirambo na kule Kiswahili kinapita. Nilichagua mwezi wa saba kwa sababu mbili, shule zimefunga na ni kiangazi, ngazi za kwetu zinakuwa kavu. Mtu wa Bukavu asirudi na goti jipya mwezi wa kumi na moja kwenye matope.

Operasyo nilifanya niko macho nusu. Wanachoma sindano mgongoni, kuanzia kiuno kwenda chini hausikii maumivu, lakini masikio yanasikia. Nyundo. Msumeno. Kama uko kwenye karakana ya seremala. Nilikuwa nasali rozari kimoyomoyo na sikufika mwisho, kama saa moja na nusu tukamaliza. Kesho yake asubuhi wakanisimamisha. Nilidhani wamekosea mgonjwa, mguu uko na bandeji mpaka pajani, lakini nilisimama, nikapiga hatua sita na kile chuma cha miguu minne, nikakaa. Usiku wa pili njo ulikuwa mbaya kuliko yote, ile dawa ya ganzi ilikuwa imeisha mguuni, na ninawaambia wamama wenzangu mumeze dawa ya maumivu kwa saa yake, msingoje mpaka moto uwake, juu ukiumwa hautafanya mazoezi na usipofanya mazoezi goti linaganda.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kama ningekuwa na nafasi ya kusema neno moja tu ningesema hilo. Mto.

Siku ya nne nikatoka hospitali, nikaenda Nyamirambo, na binamu yangu kwa upendo wake wote akaniwekea mto chini ya goti. Lo, raha! Maumivu yanatulia, mguu umepinda kidogo, unalala. Usiku tatu nililala hivyo. Kijana wa kine, yule wa mazoezi ya viungo, alipofika baada ya usiku huo wa tatu akashika kichwa. "Mama, nani ameweka huu mto?" Akautoa akauweka chini ya kisigino, goti likabaki hewani, na mi nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Akanieleza: goti likizoea kukaa limepinda, nyama za nyuma zinafupika, halitanyooka tena, na mguu usionyooka unachechemea maisha yote, unachosha kiuno, unachosha na mguu mwingine. Watu wote wanaulizana "unakunja kiasi gani?" na mi pia nilikuwa najisifu na kukunja. Lakini kunyooka njo kugumu, na njo kunasahaulika. Nilikuwa nimepoteza kama digrii kumi kwa usiku tatu, na kuzirudisha ilinichukua wiki tano, kila siku, kisigino juu ya mto, goti hewani, dakika kumi, mara nne, nauma kitambaa. Binamu yangu alilia kuliko mimi. Hakuna aliyetuambia pale hospitali, ao walisema na hatukusikia, tulikuwa tumechoka.

Kukunja nako kuna kazi. Kine aliniambia kupanda ngazi goti linaomba kama digrii 85, kushuka linaomba 90 mpaka 100, kuinuka kwenye kiti karibu hivyo hivyo. Nikamwambia basi niandikie 100, niko na ngazi 71. Nilikuwa nakaa kitandani, nafunga kitenge kwenye unyayo, navuta kisigino kuja kwangu, nahesabu, naachia. Wiki ya pili 75. Wiki ya sita 95. Mwezi wa nne 112 na hapo hapo nimebaki, inanitosha. Mtu akikwama kabisa wiki nane, tisa, wanaweza kumlaza na ganzi dokta akakunja mwenyewe, lakini hakuna anayetaka kufika huko.

Nilirudi Bukavu baada ya wiki tatu. Ile njia ya Kigali mpaka Kamembe inapita msitu wa Nyungwe, kona juu ya kona, tulikodi gari dogo na kila saa moja tulisimama natembea kidogo, sababu damu inaganda kwenye mguu ukikaa muda mrefu. Nilikuwa bado najichoma zile sindano ndogo za tumboni za kuzuia damu kuganda, siku 28. Tukavuka mto Ruzizi, mpaka wetu na Rwanda, na nikafika chini ya ngazi zangu. Wote waliningoja. Vijana wa mtaa walitaka kunibeba kwenye kiti na mi nikakataa, nilikuwa nimefundishwa: kupanda, mguu mzima unatangulia, mgonjwa na bekiyi (magongo ya kutembelea) zinafuata. Kushuka, bekiyi na mguu mgonjwa vinatangulia, mzima unabaki juu unashika uzito. Mzima unaenda mbinguni kwanza, mgonjwa unashuka kwanza, hivyo njo nilikariri. Dakika arobaini nilipanda. Baba watoto alikuwa nyuma yangu mikono imefunguka kama anamfundisha mtoto kutembea.

Nyumbani kuna mambo ambayo dokta wa mbali hafikirii. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kunaomba goti likunje kupita 130, goti jipya mara nyingi halifiki kule na mwanzoni hata usijaribu. Fundi wa mtaani alikata tundu kwenye kiti cha plastiki cha nguvu, akalainisha kingo, akafunga kamba ya kushika ukutani. Kile kiti kilinisaidia kuliko dawa nyingi. Barafu, umeme unaenda unarudi, lakini dada wa butiki anayeuza maji ya sashe, vile vifuko vya plastiki, alikuwa ananigandishia, nafunga sashe kwenye kitenge, naweka juu ya goti dakika ishirini, sashe moja inatumika siku tatu. Maji ya kuoga wanaleta watoto, ndoo sikubeba miezi mitatu. Moto, yaani pikipiki, sikupanda mpaka mwezi wa nne.

Na wageni. Wageni wanakuja na upendo na mafuta. Kila mtu anataka kukanda. Wiki ya nne shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, likavimba, gumu, linauma nikibonyeza, na shemeji yangu alikuwa tayari amepasha mawese moto akande. Binti yangu mkubwa ni muuguzi, akasema "mama, hakuna mtu anagusa huo mguu," akanipeleka tukapiga ekografi (ultrasaundi) ya mishipa. Hakukuwa na damu iliyoganda, namshukuru Mungu, ilikuwa uvimbe tu. Lakini kama ingekuwepo, ukikanda inaweza kutoka pale ikapanda kwenye mapafu, na mtu anakufa ghafla watu wakisema amelogwa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, ao pumzi ikikatika, ao kifua kikichoma, ni hospitali saa ile ile. Na chale za kienyeji juu ya lile goti, mtu mwingine alitaka kunichanja na wembe aweke majani, hapana, hapana kabisa, hiyo ni kuwafungulia vijidudu mlango. Kidonda kikitoa maji, kikiwa chekundu na kinazidi, homa inapanda, usingoje Jumatatu, na usimeze antibiotiki za kujinunulia mbele dokta hajaona, zinaficha ugonjwa.

Goti kuwa la moto ukilishika, hilo lilinitesa kichwa, lilikuwa na joto miezi sita mzima, kidogo kidogo, kumbe ni kawaida kama hakuna homa na halizidi. Linalia "tak" nikitembea, chuma na plastiki vinagongana, kawaida. Upande wa nje wa kovu ngozi imekufa ganzi mpaka leo, vimishipa vya ngozi vinakatwa, kawaida pia. Usingizi njo haukuwa, wiki sita nzima nalala saa mbili mbili, na kuna usiku nilimwambia baba watoto kwa nini nilijifanyia hivi. Wiki ya tatu mpaka ya sita karibu kila mtu niliyeongea naye aliyefanyiwa aliwahi kujuta. Baada ya hapo inafunguka. Mwezi wa tatu nilitupa bekiyi, mwezi wa nne nikarudi darasani na fimbo, na goti liliendelea kuwa zuri mpaka mwaka ukaisha.

Kupiga magoti kanisani. Hili wamama wakatoliki wote wananiuliza kwa sauti ya chini. Kidonda kikishapona vizuri haliharibiki ukipiga magoti, lakini linajisikia vibaya, kama umepiga goti juu ya kokoto na ganzi pamoja. Nilijaribu mara moja kwenye katedrali ile Pasaka ya 2023, juu ya mto mdogo, nikavumilia Baba Yetu moja. Sasa nasimama wakati wengine wamepiga. Padri alikuja kunisalimia, akaniambia mama, simama.

La kushoto nalo linaanza. Radio ya kusimama inaonyesha nafasi bado ipo kidogo, basi dokta amesema tungoje, paja nalikaza kila asubuhi, kilo sijarudisha, sukari iko 7.1, fimbo mkono wa kulia. Kile kiti cha plastiki chenye tundu hakiko kwangu kwa sasa. Wiki iliyopita motari alikifunga nyuma ya moto akakipeleka Bagira, kwa mama mmoja aliyetoka kubadilishwa goti lake, na ndani ya karatasi niliyombandikia kwenye kiti nimeandika kwa herufi kubwa kama za ubaoni: MTO CHINI YA KISIGINO, HAPANA CHINI YA GOTI. Nimemwambia akimaliza anirudishie, nitakihitaji.